Maji Hayamo Kwenye Orodha

Aliyewahi kufika Shwarini atakubali kwamba ile ni nchi isiyopatwa na maafa. Ipo mito inayofurika, yapo madaraja yanayokatika, na mwaka juzi kilima kizima kiliteremka kikakaa juu ya shule, bahati njema siku ya Jumapili. Lakini maafa, kwa maana ya kisheria, hayajatokea hata mara moja, kwa sababu sheria ya huko inasema maafa ni tukio lililotangazwa na Wakala wa Maafa, na Wakala kwa hekima yake haujapata kutangaza lolote. Juu ya mlango wa makao yake makuu wameandika kwa herufi za shaba: TUKO TAYARI. Hawakuandika tayari kwa nini.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Sikudhani Mapande, mwenye miaka arobaini na tisa, msimamizi wa zamu katika mtambo wa maji wa Kibungo, ule unaoyavuta maji mtoni na kuyasukuma hadi mji mkuu. Alikuwa mtu asiyetulia. Hata akiketi kula, kisigino chake kimoja kilikuwa kikipigapiga sakafu, na masikio yake, yaliyozoea ngurumo za pampu, yalimwinua kitini kila ngurumo zilipobadilika kidogo. Mumewe alikwisha kufa. Ndugu wa karibu aliyebaki naye mjini alikuwa wifi yake, Asteria, mkunga katika hospitali kuu ya Kileleni.

Mwezi wa pili wa mwaka ule redio ilisema kwamba nchi jirani imeingiwa na homa ya kifua inayoenea kama moto kwenye nyasi kavu. Serikali ya Shwarini ikawatoa wananchi hofu: ugonjwa huo ni wa kigeni, haujaomba viza, na mipaka yote hufungwa saa kumi na mbili jioni. Wananchi wakatulia. Sikudhani akachukua kalamu akaanza kuhesabu watu wake. Walikuwa kumi na wawili kwa zamu tatu. Waliojua kuwasha pampu kubwa walikuwa saba. Waliojua kupima klorini, dawa ya kuua vijidudu majini, walikuwa wanne, na wawili kati ya hao wanne walizoea kunywea chai kikombe kimoja. Akahesabu tena, safari hii akitoa nusu. Ikabaki hesabu asiyopenda kuitazama: mji wa watu laki nne, na maji ya siku mbili.

Akaandika barua ya ukurasa mmoja kwa Wakala wa Maafa. Ndani yake kulikuwa na swali moja tu: nusu yetu tukiugua, nani atawasha pampu?

Barua ile ilikaa njiani wiki tano. Ofisi ya kwanza iliirudisha kwa sababu neno "tukiugua" lilionekana kuleta taharuki. Akashauriwa aandike "tukichelewa kufika". Ofisi ya pili iliipenda sana, ikaipiga mihuri mitatu, ikaisahau. Majibu yalipokuja yalisema kwamba, kwa kuwa mtumishi huyu amefikiria ugonjwa kabla ugonjwa haujaidhinishwa kufikiriwa, anateuliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Taifa ya Utayari, ili aendelee kufikiria kwa utaratibu.

*

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Wakala mwenyewe, Kanali mstaafu Ndimbwelu, mtu mnene wa sauti, ambaye hakuwahi kumaliza sentensi chini ya dakika moja. Alipofika kwenye jina la mjumbe mpya katika karatasi ya mahudhurio alivua miwani, akacheka kwa upole.

"Kamati ya Utayari, halafu mjumbe anaitwa Sikudhani," alisema. "Hapa, mama, sisi tunadhani."

Wajumbe wakacheka kwa kadiri ya vyeo vyao. Kisha Kanali akafungua kikao kwa hotuba iliyoeleza kwamba utayari si jambo, utayari ni hali; kwamba hali hiyo Shwarini inayo tangu uhuru; na kwamba kilichobaki ni kuiandika, kuijalidi na kuizindua. Kazi ya Kamati ikawa kutengeneza Orodha ya Huduma Muhimu. Watakaokuwa kwenye orodha watapewa beji ya njano, na siku ugonjwa ukiingia, mwenye beji ya njano peke yake ndiye atakayeruhusiwa kutembea barabarani na kulazwa hospitalini.

Neno la beji lilipotoka nje ya ukumbi, mji mzima uligundua kuwa ni muhimu. Wiki ya kwanza Kamati iliwapokea watandaza mazulia mekundu, waliothibitisha kwa picha kwamba bila wao viongozi wangekanyaga ardhi. Wakafuata mafundi wa fremu za picha za Rais, wapambaji wa meza kuu, washereheshaji, na kikundi cha akina mama wanaopiga vigelegele uwanja wa ndege. Brasibendi ya polisi ilipita bila mjadala. Mtu mmoja aliyekuja kuuliza choo kiko wapi alitoka na beji.

Sikudhani alivumilia hadi wiki ya tatu, kisigino chake kikipiga chini ya meza. Alipopewa nafasi aliomba kwa maneno machache kwamba mtambo wa maji uingizwe, watu wote kumi na wawili, pamoja na akiba ya watu wengine kumi na wawili wafundishwe mapema, na klorini ya siku tisini iwekwe ghalani. Mwanasheria wa Wakala akainua mkono. Alieleza kwa masikitiko kwamba kisheria huduma ni kitu kinachotolewa na mtu, lakini maji hutolewa na Mungu. Kwa hiyo maji si huduma. Maji ni maliasili.

"Mungu anayaleta mpaka mtoni," alisema Sikudhani. "Kutoka mtoni mpaka kwenye bomba la hospitali ni sisi."

Katibu akaandika kwenye kumbukumbu: Mjumbe alimshukuru Mungu.

Mtambo wa Kibungo ukapelekwa kwenye orodha ya wizara nyingine, ile ya vitu vinavyolindwa, ukawekwa baada ya faru na kabla ya mikoko. Watumishi wake kumi na wawili wakapewa kila mmoja barua nzuri yenye nembo ya taifa, inayosema kwamba mwenye barua hii asiwindwe, asitegewe mtego, wala asisafirishwe bila kibali cha wizara.

*

Mwezi wa nne likafanyika Zoezi Kuu la Utayari katika uwanja wa taifa. Ugonjwa uliigizwa na Naibu Mkurugenzi wa Wakala, aliyevikwa joho jekundu. Kwa kuwa cheo chake hakikuruhusu akae juani, Ugonjwa ulijengewa hema. Ratiba ilisema Ugonjwa uingie saa nne, upigiwe saluti, upokewe na Kanali, ukabidhiwe barua ya kufukuzwa nchini, uisome, uombe radhi, kisha utoke kwa mlango wa wageni maalumu. Yote yakatendeka. Waamuzi wakatoa alama tisini na nane kwa mia. Mbili zilikatwa kwa sababu Ugonjwa ulichelewa dakika arobaini kwenye foleni ya magari, jambo ambalo Kanali alilitolea ufafanuzi papo hapo: sasa ulimwengu umeona kwamba hata ugonjwa wenyewe hauwezi kuipenya miundombinu yetu.

Sikudhani alimfuata Kanali kwenye hema la soda. Aliomba kibali cha kufanya zoezi dogo la mtambo wake: nusu ya watu wasije kazini siku moja, waone kitakachoharibika. Kanali alimsikiliza kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Mama Mapande," alisema, "zoezi hufanywa ili lifaulu. Zoezi linaloweza kushindwa si zoezi. Huo ni uchochezi."

Alirudi Kibungo akiwa hawezi kusimama mahali pamoja. Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, aliwaambia wawili kati ya wanne wa zamu waende nyumbani, akafunga lango. Haikupita saa moja pampu ya pili ikachemka, kwa sababu mtu aliyebaki nayo hakuwahi kuligusa vali la maji ya kuipoza. Kila siku alilifungua mwenzake. Nusu ya mabomba ya mji yalikohoa hadi adhuhuri. Sikudhani aliwasha pampu mwenyewe, mikono ikiwa na grisi hadi kwenye viwiko, kisha akaketi chini akaandika kwenye daftari la shule kasoro kumi na moja. Kasoro ya kumi na moja ilikuwa yeye mwenyewe: mambo manne alikuwa akiyajua peke yake.

Ikaja barua ya onyo. Kosa lake lilikuwa kufanya zoezi ambalo halikufaulu, bila kibali cha kutofaulu.

*

Nyuma ya mtambo kulikuwa na nyumba chakavu walizojengewa watumishi zamani. Katika nyumba ya mwisho aliishi Mzee Chambuso, mwenye miaka sabini na mmoja, aliyeendesha pampu za Kibungo kabla Sikudhani hajaajiriwa. Jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu na la pili lilikuwa linafuata. Sikudhani alimwendea siku mbili baada ya onyo, akamweleza yote, na akamwambia wazi kwamba hakuna malipo, hakuna barua, na wakikamatwa atakayeulizwa ni yeye Sikudhani. Alitegemea mzee ataomba muda wa kufikiri.

"Mwanangu, mimi niliagwa kazini kwa keki na picha ya pamoja," alisema Mzee Chambuso. "Hakuna aliyeniuliza ninachokijua nimemwachia nani. Tuanze kesho."

Wakaanza. Walikuwa majirani wanne wa nyumba zile na mpishi wa langoni, Bi Pili, aliyewauzia watumishi wali na maharage kwa miaka ishirini. Vitabu vya mitambo vilikuwa kwa lugha ya nchi iliyotengeneza pampu, kwa hiyo Sikudhani alivifunga. Akanunua rangi. Mavali ya kufungua akayapaka kijani, ya kufunga nyekundu, ya kutoguswa kabisa nyeusi, na juu ya kila moja akaandika ukutani kwa Kiswahili cha nyumbani: Hili kwanza. Hili subiri sindano ya kipimo ifike hapa. Hili ukilikosea kimbia uzime kule. Mzee Chambuso alifundisha kwa masikio. Aliwafumba watu macho akawaambia wasikilize, maana pampu ikipata njaa hulia namna hii na ikishiba hulia namna ile. Bi Pili alipewa klorini. Hakuwa na shule kubwa, lakini mtu aliyekadiria chumvi ya watu themanini kila siku kwa miaka ishirini hahitaji kuelezwa maana ya kipimo. Baada ya wiki tatu alikuwa akiangalia rangi kwenye kichupa cha kupimia na kuwasahihisha wale wanne walioajiriwa.

Klorini yenyewe Wakala haukuwa nayo. Maghala yake yalijaa kofia na mabango ya TUKO TAYARI. Sikudhani alizunguka kwenye mahoteli ya mjini, ambayo mabwawa yake ya kuogelea yalikuwa yamekosa wageni, akaomba ndoo moja hapa, gunia moja pale. Wenye mahoteli walimpa haraka ili aondoke, kwa namna alivyokuwa akitembeatembea mapokezini.

*

Homa iliingia Shwarini mwezi wa sita, bila joho. Serikali iliitambua baada ya siku kumi na mbili na kuipa jina la Kikohozi cha Mpito. Jumapili jioni ikatangazwa Mapumziko ya Kitaifa ya Lazima: kuanzia alfajiri hakuna kutembea, isipokuwa kwa beji ya njano.

Sikudhani alikuwa amekwenda nyumbani kwake mjini kufua, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya kupumzika. Jumatatu saa mbili asubuhi Bi Pili alimpigia simu. Kati ya watumishi kumi na wawili, watano walikuwa kitandani, na waliotaka kuja walirudishwa na askari njiani. Kati ya waliokuwa zamu wamebaki wawili, mmoja anakohoa na wamemtenga stoo. Mzee Chambuso ameshika pampu ya kwanza. Ya pili wameshindwa kuiwasha: inataka mtu wa kusoma sindano na mtu wa vali kwa wakati mmoja, mzee haoni sindano, na wengine mkono wao ulizoea ya kwanza. Pampu moja hulisha mji wa bondeni. Haifiki kilimani. Hospitali iko kilimani.

Alitoka na gauni la kufulia. Kwenye daraja alikuta kizuizi na askari kijana mwenye adabu, ambaye aliisoma barua yake ya wizara mpaka mwisho, kisha akaikunja vizuri akamrudishia.

"Mama, hatukuwindi," alisema. "Rudi nyumbani."

Alimwonyesha bomba, alimwonyesha mto, alimweleza habari za shinikizo la maji. Askari alikubali kila neno na hakusogeza ubao. Tena, alimkumbusha, barua yenyewe inasema asisafirishwe bila kibali. Sikudhani alitembea kutoka ukingo mmoja wa daraja hadi mwingine, akarudi, akatembea tena, na hapo simu ikalia. Ilikuwa Asteria.

"Wifi, tangi limebaki shubiri mbili," alisema. Sauti yake ilikuwa chini, kama mtu aliyejificha wagonjwa wasimsikie. "Nina akina mama watatu ndani, mmoja ameshaanza kusukuma. Niambie ukweli, maji yanakuja au hayaji?"

"Nipe mpaka saa nane."

"Mtoto hajui saa nane, wifi."

Akakata, kwa kuwa kulikuwa na mtu anamwita. Sikudhani alikuwa bado ameishika simu sikioni aliposikia tarumbeta. Basi la brasibendi ya polisi lilikuwa linakuja polepole, madirisha wazi, likipiga wimbo wa matumaini katika barabara isiyokuwa na mtu hata mmoja. Alisimama mbele yake. Dereva akafunga breki, wimbo ukafa vipande vipande, na kiongozi wa bendi, Sajini Mbiku, akashuka akitokwa jasho ndani ya koti lenye vifungo vya dhahabu. Alisikiliza habari za pampu huku anafuta shingo.

"Tumeamriwa tuwaliwaze wananchi mitaa yote mpaka jioni," alisema hatimaye. "Wananchi hatuwaoni. Na maji hatujayaoga tangu jana. Kama kweli wewe ni wa maji, vaa hili."

Lilikuwa koti la mpiga matoazi, aliyeugua usiku uliopita, na beji bado imening'inia. Picha kwenye beji ilikuwa ya mwanamume mwenye masharubu. Sikudhani alilivaa juu ya gauni la kufulia, akapanda, akapewa matoazi ayashike. Kwenye kizuizi askari yule yule aliitazama beji, akamtazama yeye, akaitazama beji tena. Ilikuwa ya njano. Akapiga saluti.

*

Alifika saa saba na robo. Mzee Chambuso alikuwa amekaa juu ya ndoo, kiganja chake kimewekwa juu ya mwili wa pampu ya kwanza kama anayempima mtoto homa. Hakugeuka. Aliuliza tu ni nani anayetembea haraka namna hiyo, kisha akajijibu mwenyewe. Sikudhani hakuvua koti. Alikwenda kwenye sindano, mzee akaongozwa hadi kwenye vali, Bi Pili akasimama kati yao kupokea maneno kwa sababu ya kelele. Mara ya kwanza pampu ilitikisika ikazima. Mara ya pili mzee alisema inalia njaa, ngojeni, msiharakishe, na Sikudhani, ambaye maisha yake yote hakuwahi kungoja kitu bila kutembea, aliing'ang'ania swichi akangoja. Sindano ilipanda, ikasita, ikapanda tena.

Saa nane na dakika kumi ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Asteria alikuwa ameandika maneno matatu: Msichana. Tumemwogesha mama.

Waliendesha hivyo siku arobaini na moja. Hawakutoka nje ya ukuta. Bi Pili alipika, akapima klorini, akalala kwenye magunia. Basi la bendi lilikuwa likizunguka makusudi kupita langoni na kuteremsha mtumishi mmoja aliyepona, amevaa koti la filimbi au la ngoma, kisha linaondoka linapiga. Katika taarifa zake za kila siku Wakala ulieleza kwamba maji yanatoka kwa sababu ya Mpango.

Siku ya kumi na tisa Mzee Chambuso alianza kukohoa. Alijificha kwanza, alikuwa akienda kukohoa karibu na pampu ambako hakuna ambaye angemsikia. Aliyegundua ni Sikudhani, aliyemkuta anapumua kwa kuinua mabega. Alimpigia wifi yake. Vitanda vipo, alisema Asteria, vitanda kumi na vinane vitupu, vina mashuka safi, lakini ni vya beji ya njano, na langoni kuna askari na kitabu. Wapo watandaza zulia wawili waliolazwa kwa mafua. Alisema atajaribu. Alijaribu siku tatu, akamwandikisha mzee kuwa mpiga ngoma, akamwandikisha kuwa fundi wa fremu, na mara zote kitabu kikamkataa. Siku ya nne alikuja mwenyewe kwa miguu na dawa ndani ya kanga, akitoroka zamu yake.

Mzee alikufa Ijumaa asubuhi, siku ya ishirini na sita, katika chumba chake nyuma ya mtambo. Mwishoni hakuuliza habari za watu. Aliuliza pampu ya pili inalia vipi. Sikudhani alifungua dirisha ili asikie mwenyewe. Alisikiliza kidogo, akasema wapunguze vali nusu mzunguko. Wakapunguza. Ni kweli ilikuwa imezidi.

Walipopeleka fomu ya kifo, karani wa Wakala aliirudisha. Fomu ilikuwa na nafasi mbili: mtumishi wa huduma muhimu, au mwananchi aliyetulia nyumbani. Marehemu hakuwa wa kwanza, na kwa mujibu wa maelezo hakuwa ametulia. Karani alisikitika kwa dhati. Alisema marehemu akipata sifa mojawapo warudi.

*

Kikohozi cha Mpito kilipokwisha, au kilipochoka, ikaandaliwa sherehe ya kitaifa. Kanali Ndimbwelu angepokea Nishani ya Utayari Daraja la Kwanza. Ripoti ya Kamati ilikuwa na kurasa mia tatu na picha ya Ugonjwa ndani ya hema. Wiki moja kabla ya sherehe Sikudhani aliitwa kusaini ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, unaosema mtambo wa Kibungo uliendeshwa muda wote na watumishi waliopangwa, kwa mujibu wa Mpango.

Aliusoma amesimama. Alisema atasaini wakiongeza majina sita, la kwanza likiwa la Chambuso. Kanali alishusha pumzi, akamkaribisha kiti ambacho hakukikalia.

"Mpango hauna majina, mama," alisema. "Ukianza kuweka majina, watu watadhani kazi ilifanywa na watu."

Sikudhani aliirudisha kalamu mezani. Kanali akamwambia asijali, saini yake itachapwa pamoja na nyingine. Jambo moja tu aliloliomba lilikuwa dogo. Kilele cha sherehe kitakuwa saa tano kamili, pale yeye Kanali atakapofungua bomba la marumaru lililojengwa katikati ya uwanja, maji yaruke mbele ya Rais na mabalozi. Alitaka uhakika wa shinikizo. Sikudhani alisema bomba la uwanjani analijua vizuri. Uwanja uko ng'ambo tu ya mto, na vali lake liko hapo hapo mtamboni.

Siku ya sherehe alimpigia Asteria asubuhi na mapema, akamwomba aangalie tangi la hospitali. Asteria alipanda ngazi mwenyewe akaangalia. Limejaa hadi kwenye kifuniko, alisema, na ndoo zote zimejaa. Akauliza kuna nini. Sikudhani akamwambia hakuna kitu, wifi, kazi tu.

Saa nne na nusu watu wote wa mtambo walikusanyika kwenye chumba cha mavali, walioajiriwa na wasioajiriwa, redio imewekwa juu ya meza. Sikudhani aliwaambia analotaka kulifanya. Aliwaambia pia litakaloweza kumpata, na kwamba asiyetaka kulishuhudia atoke sasa. Hakutoka mtu. Bi Pili alijifuta mikono kwenye kanga, akaliendea vali la uwanjani, akalizungusha hadi likakaza.

Redioni mtangazaji alikuwa akishindwa kupumua kwa furaha. Alieleza nishani, alieleza kofia ya Kanali, alieleza hatua zake kuelekea bombani, moja moja. Kanali akasema maneno kadhaa kuhusu hali na jambo. Kisha ikasemwa kwamba sasa ameshika bomba, sasa analizungusha, na sasa, ndugu wananchi.

Hapo mtangazaji akanyamaza, kwa kuwa hakukuwa na cha kutangaza. Bendi haikupiga, kwa kuwa ilikuwa imeamriwa ipige maji yakitoka. Mabalozi, kwa kudhani ni desturi ya nchi, walisimama mmoja baada ya mwingine wakavua kofia. Rais alipowaona naye akasimama. Na Rais akisimama Shwarini hakuna anayeketi. Uwanja wa watu elfu thelathini ukasimama bila kukohoa. Ndani ya redio ulisikika upepo tu ukipita kwenye kipaza sauti.

Sikudhani alikuwa ameitazama saa ya mkononi mwake tangu mwanzo. Mmoja wa majirani alikuwa analia bila sauti.

"Dada Siku," alinong'ona Bi Pili, mkono kwenye vali, "dakika ya mzee imetimia."

"Bado sekunde tano," alisema Sikudhani. Alizimaliza zote. "Haya. Mfungulie."